Daudi alishaahidi, ila chumbani

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tuko 1 Wafalme sura ya 1, sura ambayo wengi tunaipita mbio ili tufike kwa Sulemani na hekima yake, lakini ukiisoma taratibu utakuta ni habari ya mirathi kabisa, yaani mzee, mfalme Daudi, yuko kitandani, wanamfunika nguo hapati joto, na huko nje watoto washaanza kugawana.

Amnoni na Absalomu, wana wakubwa wa Daudi, walishakufa, kwa hiyo mdogo wao Adonia akajiona ndo mkubwa, akasema mimi nitakuwa mfalme, akachinja kondoo na ng'ombe pale En-rogeli na kualika watu. Aliita ndugu zake wote isipokuwa Sulemani. Hapo simama kidogo. Kikao cha familia halafu mmoja hajaambiwa, na huyo mmoja ndo mwenyewe anayehusika! Na tusidhani walikuwa wahuni tu, Yoabu mkuu wa jeshi alikuwepo, na Abiathari alikuwepo, kuhani kabisa, kwa hiyo uwepo wa mtumishi wa Mungu kwenye kikao haumaanishi kwamba kikao ni cha haki.

Sasa tunamlaumu sana Adonia na ni sawa, lakini mstari wa 6 unasema baba yake hakuwahi kumuuliza mbona umefanya hivi. Na kuna kitu kingine kinaniuma zaidi. Bath-sheba, mama yake Sulemani, anapoingia kwa mfalme hamwombi kitu kipya, anamkumbusha, wewe uliniapia kwa Bwana kwamba Sulemani atatawala baada yako. Na Daudi hakatai, anakubali ni kweli niliapa. Kumbe wosia ulikuwepo siku zote! Ila ulikuwa wa chumbani, Israeli yote haijui, na nabii Nathani anauliza kama mfalme kaamua jambo bila kuwajulisha watumishi wake. Mama wa watu anasema wazi kwamba mfalme akilala na baba zake, yeye na mwanae watahesabiwa wakosaji. Ndivyo inavyokuwa kwa wajane wengi mpaka leo, mzee alimwambia mkewe usiku "hii nyumba ni yako", akamwambia na mtoto wa mwisho "hili shamba ni lako", wote wanasema ukweli na hakuna hata mmoja mwenye ushahidi, na msiba haujaisha watu washanuniana.

Angalieni Daudi alivyorekebisha. Sulemani akapandishwa nyumbu wa mfalme mwenyewe, akapelekwa Gihoni, kuhani Sadoki akampaka mafuta, tarumbeta ikalia mpaka karamu ya Adonia ikavunjika, wageni kila mtu na njia yake. Kwa 1 Nyakati 28 anakusanya wakuu wote, mzee anasimama kwa miguu yake, anasema mbele yao nani anarithi, anamkabidhi mwanae ramani ya hekalu na uzani wa dhahabu na fedha kwa kila chombo, na sura ya 29 anataja hadharani na mali yake binafsi anayoitoa, talanta 3,000 za dhahabu ya Ofiri na 7,000 za fedha. Yaani kuna maandishi, kuna mashahidi, na mwenye mali anaongea kwa mdomo wake.

Kwetu sisi hiyo inamaanisha karatasi. Wosia ulioandikwa na kusainiwa mbele ya mashahidi, na hao mashahidi wasiwe warithi maana nchi nyingi shahidi anayerithi anaweza kupoteza fungu lake. Msimamizi wa mirathi utajwe, na mwenyewe awe amekubali, sio anasikia makaburini. Angalia pia majina uliyoandika kwenye fomu za pensheni na bima, sehemu nyingi hela inaenda kwa aliyeandikwa hapo hata kama wosia unasema vingine, na unakuta mtu alijaza hiyo fomu kabla hajaoa. Alafu ile hati ya kumruhusu mtoto akusimamie mambo ya benki, inaisha nguvu siku ukifa, wengi hawajui hilo wanakuja kushangaa kaunta. Sheria zinatofautiana, kwa hiyo wakili mwoneni, kumwona wakili sio kukosa imani.

Madeni pia jamani. 2 Wafalme 4, yule mjane anamwambia nabii Elisha, mume wangu alikuwa mcha Mungu, wewe unajua, na mdai amekuja kuwachukua wanangu wawili wawe watumwa. Mcha Mungu kweli, ila kaacha deni. Deni la marehemu kwa kawaida linalipwa kwanza kabla warithi hawajagawana chochote, basi andika nani unamdai na nani anakudai, usimwachie mkeo kazi ya kuambiwa na watu wa nje.

Najua wako wanaosema kuandika wosia ni kujiita kifo. Mfalme Hezekia alipougua aliambiwa tengeneza mambo ya nyumba yako maana utakufa, akalia, akaongezewa miaka 15, na sisi tunahubiri hiyo 15 kila mwaka, ile sentensi ya kwanza hatuigusi. Na watoto nao, mkianza mazungumzo haya na mzee, msianze na hati ya kiwanja, muulizeni kwanza yeye anataka aishi wapi na nani amuuguze, maana hizo mali bado ni zake na zimtunze yeye kwanza.

Wiki hii kila nyumba isome hizo sura pamoja, na yule mtoto ambaye huwa hamumwiti, mpigieni simu awepo.