Nilivyoomba kura bila kuficha ujamaa wangu

Mwaka 2022 niligombea uwakilishi wadi, kiti cha bunge la kaunti, huku mashariki mwa Nairobi, nikiwa mgombea huru, mfuko mtupu na mdomo mpana. Sikushinda, niseme mapema. Naandika kwa sababu kila mwenzetu wa mrengo wa kushoto akitaka kuingia kwenye kinyang'anyiro huletewa ushauri uleule niliopewa mimi, na ushauri huo ulinila pesa na nusu ya heshima yangu.

Mambo ya sahihi 500 za wapigakura na ada ya IEBC, tume ya uchaguzi (shilingi 5,000, mimi mwanamke nikalipa nusu) nayaruka, makaratasi ni makaratasi.

Mshauri wangu alikuwa ameshawafanyia kampeni waheshimiwa wawili na wote wakapita, kwa hiyo nilimsikiliza kama mgonjwa anavyomsikiliza mganga. Alisoma manifesto yangu hadi aya ya pili akaikunja. "Mheshimiwa, hili neno ujamaa litoe. Watu wakilisikia wanaona foleni za sukari za Tanzania. Sema maendeleo. Ukishaingia, fanya ujamaa wako polepole, nani atakuuliza?" Nikamwambia huo ni uongo. Akasema hapana, ni mkakati. Nililala na neno hilo usiku mmoja, na asubuhi nikawa nimelikubali, maana lilikuwa tamu na mimi nilitaka kushinda.

Jumamosi tukakodi Prado, spika mbili na kijana wa kupiga muziki, na kwenye buti leso dazeni nne. Gari peke yake lilikula kama elfu kumi na tano, au ishirini, risiti sikuiona. Tukaenda kwenye mkutano wa chama cha akina mama. Nikapanda juu ya kiti cha plastiki nikamwaga sera: umoja, maendeleo, kazi kwa vijana, hati za ardhi, polisi waache kusumbua wachuuzi. Hati na polisi viko chini ya serikali ya kitaifa. Mwakilishi wadi hana hata kidole humo, na mimi niliyekuwa nimelisoma Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, nililijua hilo vizuri kuliko wote waliokuwa pale. Makofi yalipigwa. Nikaanza kujiona.

Kisha shosho mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono. "Mwanangu, si wewe ndiye yule wa juzi aliyetuahidi magodoro? Mbona umekuja bila?"

Mgombea wa magodoro alikuwa mwanamume. Tena ana ndevu. Shosho hakuwa kipofu wala hakuwa ananitania. Alikuwa amesikiliza kwa makini, na alichosikia kilikuwa hotuba ileile.

Ningekuwa na akili ningeshuka kwenye kiti nikaenda nyumbani. Badala yake mshauri akafungua buti, na leso zikaisha kabla ya mistari miwili ya nyuma kufikiwa. Vijana wakazingira Prado, "Mheshimiwa, na sisi?" Nikaanza kutoa noti za mia, mimi niliyewahi kuwasomea watu Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, faini hadi milioni mbili au kifungo hadi miaka sita kwa kuhonga mpigakura. Elfu sita hivi zilitoka. Aliyepata alisema ni kidogo, aliyekosa akanizomea, na dereva akakumbusha kwamba saa zinahesabiwa. Tulitoka mtaani kwa mwendo wa maiti, watoto wakipiga mabati ya gari kwa viganja. Waliopokea walinipigia simu wiki nzima, na hakuna hata mmoja aliyetaka kujua sera.

Aliyenirudisha kwenye njia ni mzee mmoja wa kwenye drafti, anayekumbuka siasa za zamani kama wengine wanavyokumbuka mechi. Aliniuliza kama namjua Bildad Kaggia. Kaggia alihukumiwa kifungo Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, na baada ya uhuru akang'ang'ana ardhi wapewe wasio nayo. Mwaka 1965 Kenyatta alimkejeli hadharani, kule Kandara kwa Kaggia mwenyewe, akimuuliza wenzake waliofungwa naye wana mashamba, yeye amejifanyia nini? Mwaka uliofuata Kaggia akaingia KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga, na kwenye uchaguzi mdogo akapoteza kiti. "Unaona?" nikasema, "ukweli haulipi." Mzee akasogeza kete. "Na waliomshinda walikuwa wanasema nini? Walikuwa wanasema ujamaa pia."

Ni kweli. Waraka Nambari 10 wa 1965, sera ya uchumi ya serikali ya Kenyatta, uliitwa wa ujamaa wa Kiafrika, na walioupitisha walikuwa wakinunua mashamba ya Wazungu. Wao walichukua neno wakaacha kitu. Mshauri wangu alitaka nichukue kitu niliache neno, kana kwamba kitu chenyewe kitapitishwa na watu wasiojua walichokipigia kura. Hapo nikamlipa nikamwachisha kazi, ingawa bado anasema ananidai, sijui kwa hesabu gani.

Mkakati sikuutupa. Ukianza na neno lenyewe kweli watu wanafunga masikio, hilo alikuwa sahihi. Nilichobadilisha ni mahali pa kuanzia.

Nilijipeleka kwenye kioski cha maji saa kumi na moja alfajiri. Foleni ya mitungi ndiyo mkutano wa bure kuliko yote: watu hawawezi kuondoka. Nilibeba ubao mdogo na chaki. Mtungi wa lita 20 ni bei gani? Kumi. Mitungi hamsini ni lita elfu moja, shilingi mia tano. Kisha natoa bili ya rafiki yangu anayeishi mtaa wenye mabomba: lita elfu moja hazifiki shilingi mia. Nanyamaza. Ukimya huo niliufanyia mazoezi mbele ya kioo, nakiri. Kila siku kulikuwa na mtu wa kuujaza: "Kwa hiyo maskini ndiye analipa zaidi?" Nasoma Ibara ya 43 ya Katiba, maji safi ya kutosha ni haki. Maji yako kwenye kazi za kaunti, kwa hiyo hapa nina sauti. Nasema nataka mabomba yawe ya umma na yafike hadi mlangoni. Mtu anauliza, hiyo si siasa ya Nyerere? Namjibu ndiyo, mimi ni mjamaa, na foleni ya sukari uliyoisikia na hii ya maji uliyomo tuzijadili zote mbili.

Haikuwa rahisi kila siku. Mwenye kioski aliniuliza yeye atakula nini mabomba yakifika. Ningeweza kumwahidi kazi kwenye kampuni ya maji. Nilimwambia sina uwezo wa kumwahidi, nitapigania wauzaji wafikiriwe kwanza, basi. Akasema kura yake nisiihesabu. Mtungi wa kusimamia aliendelea kuniazima.

Unga nao serikali ilipoutangaza kuwa shilingi mia, wiki tatu hivi kabla ya kura ya 9 Agosti, nilisema napenda serikali ishushe bei, ila unga unaoshuka na mabango utapanda yakibanduliwa. Wengi wakacheka, maana madukani huo wa mia ulikuwa hauonekani.

Wakiomba ya chai, nami nikawa naomba. Navua kofia naipitisha: shilingi kumi kila mtu, bei ya mtungi. Mara ya kwanza walidhani ni mzaha. Zilipatikana elfu kumi na moja hivi mpaka mwisho, na aliyetoa kumi yake hakukubali niibiwe: maajenti wangu wa kulinda kura karibu wote walitoka kwenye kofia hiyo.

Nilipata kura 1,140, wa tatu kati ya kumi na wanne. Mgombea wa magodoro alikuwa wa sita, nami sijifichi kwamba hilo lilinifurahisha. Jumatatu baada ya matokeo nilipita kioskini kuwashukuru watu. Shosho yule alikuwa kwenye foleni. Akaniangalia, akasogeza mtungi wake kwa mguu.

"Wewe wa ubao," akasema, "leo usianze hesabu, nina haraka."