Mbwa wa machinjioni ni wa nani?

Jumanne alfajiri, nikiwasha jiko la chapati, nilimwona Simba, mbwa wa jirani, amelala ubavu mtaroni, miguu imekakamaa, povu mdomoni. Kufika saa moja tulikuwa tumeshahesabu mizoga tisa, kuanzia steji ya boda hadi ukuta wa machinjio. Usiku watumishi wa mji walikuwa wamepita na nyama ya sumu. Simba alikuwa na kamba shingoni, na kadi yake ya chanjo iko kabatini kwa mwenyewe. Aliyepona ni yule jike mwekundu wa machinjioni, ambaye hajawahi kuguswa na sindano. Amezaa tena juzi.

Mimi si mpenzi wa mbwa. Nimelelewa Walukuba, Jinja, hapa Uganda, katika nyumba ya Waislamu. Mbwa akipita karibu unakusanya kanga yako. Ila Desemba mtoto wa dada yangu aling'atwa mguuni. Tulikiosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15 nzima, yeye analia, mimi nimekodolea macho saa ya simu, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, kupona ni karibu muujiza. Kisha zikafuata sindano: leo, baada ya siku tatu, wiki ijayo, na kila safari na nauli yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza. Ofisi ya mifugo iliniambia wao wanahusika na ng'ombe na mbwa wenye wenyewe. Mbwa koko ni suala la usafi, nenda ofisi ya mji. Ofisi ya mji wakaniambia mbwa ni mnyama, rudi kwa mifugo. Mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, mzee mstaarabu, alinipa barua yenye muhuri niipeleke nitakako. Bado ninayo, imeanza kushika mafuta ya chapati.

Karatasi hazijatupungukia. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 iliziteremshia wilaya kazi za mifugo, na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ni ya 1957, mimi sijazaliwa. Wanaopambana na kichaa cha mbwa wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Sasa sumu inamuua nani? Yule aliyezoea kupokea chakula mkononi mwa mtu, ndiye huyo huyo aliyekubali kushikwa akachanjwa. Nafasi yake inachukuliwa na mgeni aliyefuata harufu.

Na harufu inatoka wapi? Machinjio ni ya mji. Kila ng'ombe anayeangushwa pale analipiwa ushuru, risiti inakatwa. Matumbo na damu vinaishia shimo la nyuma, lililojaa tangu mvua za mwaka jana na halina kifuniko. Kwetu anayemlisha mbwa ndiye mwenye mbwa. Mji unawalisha kila siku kwa mkono mmoja, mara moja kwa mwaka unawatilia sumu kwa mkono wa pili, halafu unaniambia si wake.

Jana nilimuuliza mkata ushuru pale getini shimo litafunikwa lini. Akacheka, akaokota kipande cha mfupa, akakirusha juu ya ukuta. Jike mwekundu alikidaka kabla hakijagusa chini.