Siku Uzi Ulipokataa Kuingia Sindanoni

Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na Aprili ile ya 2018 nilikuwa nimeikanyaga wiki tatu mfululizo. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa kwa muhula wa pili, na upande wetu wa Njoro, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, ukipanda kuelekea Mau Narok, mimi ndiye fundi wa sare. Sketi za marinda, kaptura, mashati. Mimba ilikuwa ya wiki 33, ya kwanza, na mvua ilikuwa inanyesha kutwa kucha hadi njia ya kijijini ikawa uji.

Miguu ilivimba. Viatu vikanikataa, nikahamia kwenye malapa ya mume wangu. Kila aliyeingia kibandani kuchukua sare alikuwa na maelezo yake. Huyu alisema ni mimba ya mtoto wa kiume, yule akasema ni kukanyaga cherehani, na mwingine akasema dada yake alivimba hivyo hivyo na akajifungua salama. Mama mkwe alinichemshia maji ya chumvi jioni, nikaloweka miguu, na tukakubaliana kwamba nikimaliza sare nitapumzika. Uso nao ukaumuka. Asubuhi nikiamka siwezi kukunja ngumi, na pete ya ndoa ilikuwa imezama kidoleni hadi nyama imeota pande zote mbili.

Kliniki nilikuwa nahudhuria. Nalisema hili mapema kwa sababu mama akipatwa na jambo, swali la kwanza la watu huwa, "Kwani hakuenda kliniki?" Nilienda mara nne, kwenye zahanati iliyo karibu nasi. Mara mbili za mwisho mashine ya presha haikuwa na betri. Sista alikuwa mmoja na foleni ya akina mama ilitoka mlangoni hadi chini ya mti. Alinipima uzito, akanipapasa tumbo, akasikiliza moyo wa mtoto kwa ile pembe yake, akaandika kijitabuni. Penye presha akapiga kistari. "Utapimwa ukirudi, mama." Vile vijikaratasi vya kupima mkojo navyo vilikuwa vimekwisha. Nikashukuru, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Alhamisi hiyo, kama saa kumi na moja jioni, nilitaka kubadilisha uzi wa bluu niweke mweupe. Kutunga uzi ni kitu ambacho mikono yangu hufanya yenyewe. Nailowesha ncha kwa ulimi, naibana kwa kucha, naipitisha. Siku hiyo tundu la sindano lilikuwa mawili. Nikalenga la kushoto, uzi ukapita hewani. Nikalenga la kulia, vivyo hivyo. Nikafumba macho nikidhani ni uchovu, na nilipoyafumbua, vimulimuli vyeupe vilikuwa vinacheza ukutani, pale pale nilipotundika sare. Kichwa kilikuwa kinanigonga tangu asubuhi. Chini ya mbavu za kulia palikuwa na maumivu ambayo kwa siku mbili nilikuwa nayaita kiungulia.

Nilijaribu tena. Sijui kwa nini ilikuwa muhimu kwangu kuutia uzi ule, lakini nilijaribu labda mara kumi, na nilipoacha nilikuwa nalia.

Mama mkwe alisema ninywe Panadol nilale. Simlaumu, ningemwambia mtu mwingine hivyo hivyo. Kilichomshtua ni chai. Alinipa birika nijimiminie, nami nikamimina mezani, kando kabisa ya kikombe, na nikaendelea kumimina. Alininyang'anya birika akaenda kwa jirani mwenye Probox ya kubebea maziwa. Mume wangu alikuwa Nairobi, amepeleka viazi Marikiti.

Nakumbuka tulivyosukumwa na vijana pale gari lilipozama kwenye tope. Nakumbuka taa za kituo cha petroli Njoro mjini zilivyonichoma macho. Kutoka hapo kwa muda simulizi si yangu, ni ya mama mkwe, na amenisimulia mara nyingi hata nahisi niliona.

Anasema tulipokaribia kufika barabara kuu, pale Njoro Turn-off, nilikauka kama ubao. Macho yakageuka, meno yakauma ulimi, kisha mwili mzima ukaanza kutikisika. Tulikuwa tumempa lifti mzee mmoja. Akasema nitiwe kijiko kati ya meno, na kwamba hili si la hospitali, turudi Njoro kwa mchungaji anayemfahamu niombewe. Dereva akapunguza mwendo. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kupaza sauti mbele ya mwanamume tangu nimjue, alimwambia, "Endesha gari!" Akanilaza kwa ubavu kwenye mapaja yake, akakishika kichwa changu kisigonge mlango, akanipangusa povu na damu kwa leso yake hadi hospitalini, mjini Nakuru. Kijiko hakuruhusu. Hakuna aliyemfundisha, ila ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kijiko huvunja meno na kuziba koo, na mtu akilazwa ubavu mate hutoka badala ya kuingia mapafuni.

Mimi nilirejea kwa joto. Sindano ilikuwa mkononi, mtu alikuwa anasukuma dawa polepole sana, na moto ukapanda kutoka kifuani hadi kwenye masikio. Nikadhani nachomwa. Sauti ikasema, "Ni dawa, mama. Utasikia joto, halafu litapita. Vumilia." Ilikuwa magnesiamu salfeti. Kisha zikafuata sindano mbili za makalio, kila upande moja, na maumivu yake hayo sitayasahau, ila nilisikia pia mtu akisema, "Sasa hatatikisika tena." Presha yangu ilikuwa 188 kwa 124.

Sista wa zamu alikuwa mama wa makamo, mfupi. Alinibonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Akanyanyua kijitabu changu cha kliniki, akakifungua kwenye jedwali, na kidole kile kile kikapita juu ya presha. Mwezi wa kwanza, nambari. Wa pili, nambari. Kistari. Kistari. Hakusema neno. Alikifunga akakiweka chini ya mto wangu.

Baadaye ndipo alipotueleza. Mama mjamzito akifika 140 kwa 90, hatakiwi kurudi nyumbani hivi hivi, ni lazima mkojo wake upimwe na aangaliwe kwa karibu. Kichwa kisichopoa, macho kuona vimulimuli au vitu viwili viwili, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba: kila kimoja kinatosha kumleta mama hospitalini siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa navyo vyote na nilikuwa nahesabu marinda.

"Huu ni ugonjwa gani?" mama mkwe akauliza.

"Kifafa cha mimba."

Mama mkwe alisimama. "Sisi kwetu hakuna kifafa. Na kwao niliuliza kabla ya harusi, hakuna."

Jina hilo linatuumiza. Ukisema kifafa kijijini, watu wanafikiria ukoo, wanafikiria laana, wanafikiria nani atakubali kuoa mabinti zako. Sista alimkalisha chini, akamwambia kwa upole kwamba huu hauna uhusiano na kifafa kile, kwamba unaletwa na mimba yenyewe, na dawa za presha zinatuliza tu. "Tiba yake, mama, ni mtoto kutoka."

"Wiki 33?"

"Hata kama. Tukingoja tutawapoteza wote wawili."

Daktari alikuwa kijana mdogo mwenye macho mekundu ya kukesha. Alileta fomu ya upasuaji. Mama mkwe akasema tumngoje mwanawe, anatoka Nairobi, simu yake haipatikani. Daktari akachuchumaa mbele yake. "Shosho, nakuheshimu. Lakini huyu ni mtu mzima, ameamka, na mwili ni wake. Atatia sahihi mwenyewe." Akanigeukia akanieleza yote tena, polepole, mpaka alipoona nimeelewa. Nilitia sahihi iliyopinda kama njia ya kwetu. Nimewahi kusikia ya akina mama waliongojewa mume hadi ikawa kuchelewa, ndiyo maana kuchuchumaa kwa kijana yule nakukumbuka kuliko hata kisu chake.

Ikabaki pete. Kwenda chumba cha upasuaji na pete haiwezekani, na kidole kilikuwa kinaanza kuwa cha zambarau. Walijaribu sabuni, wakajaribu mafuta ya mgando. Haikusogea. Sista akaondoka, akarudi na kipande kirefu cha uzi wa kushonea jeraha. Aliupenyeza ncha yake chini ya pete kwa koleo ndogo, kisha akauzungusha kwenye kidole kuanzia pale penye pete kuelekea kwenye kucha, mzunguko kando ya mzunguko, umebana, haukuacha hata mwanya. Nyama ikashuka. Halafu akashika ile ncha ya chini, akaanza kuufungua uzi taratibu, na kila mzunguko ulipofunguka pete ilisogea hatua moja. Hatua moja, nyingine. Nilitazama kazi hiyo kama fundi anavyomtazama fundi. Na ndipo nikagundua kwamba naona uzi mmoja. Presha ilikuwa imeshuka. Vimulimuli vilikuwa vimeondoka, sikujua saa ngapi.

Pete aliifunga kwenye kipande cha bandeji akampa mama mkwe, naye akaitia kifuani.

Upasuaji wenyewe sina mengi. Damu yangu ilikuwa imepimwa wakaona inaganda vizuri, kwa hiyo daktari wa nusukaputi alinichoma uti wa mgongo nikawa macho. Nilisikia kuvutwa, maji kunyonywa, watu wakizungumzia mvua. Kisha kilio kidogo sana, kama cha paka aliyefungiwa nje. Msichana. Gramu 1,620. Wakanionyesha sekunde mbili wakamkimbiza kwenye chumba cha joto.

Kwa siku nzima baada ya hapo sikumwona, kwa sababu magnesiamu ilikuwa bado inaendelea. Kila mara mtu alikuja kunigonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira, kunihesabia pumzi akiangalia saa, na kutazama mkojo kwenye mfuko, ambao mwanzoni ulikuwa mweusi kama strungi. Dawa hiyo ikizidi, goti huacha kuruka, na baadaye pumzi hukatika. Kwa hiyo hawakuacha kugonga, hata saa tisa usiku. Wauguzi walikuwa wawili na wodi nzima. Mume wangu alifika alfajiri, nguo bado zina vumbi la viazi, akaenda kumwona mtoto kabla yangu. Alinionyesha picha kwenye simu na mkono ukimtetemeka hadi ikabidi niishike simu mwenyewe.

Tulikaa wiki nne. Nilimfunga mwanangu kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, nikamnywesha maziwa yangu kwa kikombe kidogo hadi alipojua kunyonya. Usiku wa Mei 9 bwawa lilipopasuka kule Solai na kuua watu zaidi ya 40, akina mama tulisikia habari kwenye redio ya mlinzi, na hakuna aliyelala. Kila mmoja alimkaza wake kifuani. Nilikuwa nimejiandikisha Linda Mama, mpango wa serikali wa wakati huo wa kujifungua bila malipo, kwa hiyo bili ya kujifungua haikutushika mlangoni. Najua wengine waliouza ng'ombe.

Wiki moja baada ya kurudi nyumbani nilishuka hadi dukani nikanunua betri nne. Nikamfunga mtoto, nikaenda zahanati. Foleni ilikuwa imefika chini ya mti kama kawaida, nami nikapanga. Zamu yangu ilipofika nilimwekea sista kijitabu mezani na betri juu yake. Alizitazama. Akafungua kijitabu, akasoma maandishi ya hospitali ukurasa mzima, kimya, kisha akasoma tena. Akainuka akaitoa mashine kwenye kabati, akazitia betri moja moja. Alinifunga kile kitambaa mkononi, kikajaa hewa, kikabana, kikalegea.

"Mia moja ishirini na sita kwa themanini na mbili," akasema.

Akachukua kalamu akaandika. Kisha akaenda mlangoni na mashine mkononi, akamwita mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.