Zima Gari, Mjomba

Mjomba wangu ameivuka Hifadhi ya Mikumi mara nyingi kuliko simba yeyote aliyezaliwa humo. Miaka 31 ya semitela, Dar hadi Tunduma, na mizigo ikiwa ya nje anaunganisha Zambia mpaka Lubumbashi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kusimama ndani ya hifadhi kwa hiari yake. Barabara kuu inaikata Mikumi kwa karibu kilomita 50, na kwa dereva wa lori kilomita hizo ni matuta, vibao vya spidi, na kile kibao cha faini kinachokutajia bei ya kila mnyama utakayemgonga, mithili ya menyu ya hoteli. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Morogoro, lakini tembo wangu wote niliwaona kupitia dirisha la basi, shingo imepinda, na abiria wa kiti cha pili kanilalia begani ili naye aone.

Basi ilichekesha kwamba siku ya kwanza sisi wawili kulipia kibali na kuingia hifadhini kutazama wanyama kwa raha zetu, tulikuwa Dakota Kusini, Marekani. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 2019.

Alikuja kunitembelea Sioux Falls, nilikokuwa nafanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama. Kwetu Waluguru ukoo unapita kwa mama, kwa hiyo mjomba si mgeni wa kumfungulia soda ukamwashia televisheni. Ndiye mwenye mji, hata kama mji wenyewe ni chumba kimoja na sebule ghorofa ya pili. Wiki mbili alikaa dirishani akihesabu ekseli za malori. Siku moja nimetoka kazini, nimempa shikamoo yake, akaitikia marahaba na kunikalisha chini.

"Mjomba," akasema. (Yeye ananiita mjomba, nami namwita mjomba. Ndivyo tulivyo.) "Nchi hii nimeijua kuanzia maegesho mpaka supamaketi. Barabara yake ndefu iko wapi?"

Nikaomba ruhusa ya siku tatu.

Barabara ndefu inaitwa I-90, na kutoka Sioux Falls hadi milima ya magharibi ni zaidi ya kilomita 600. Nilikuwa na RAV4 ya mkononi, chupa ya chai na chapati kumi na mbili. Spidi inayoruhusiwa pale ni maili 80 kwa saa, yaani karibu kilomita 129, na mjomba alikuwa kila mara akichungulia mshale kama mwalimu wa udereva. Alitaka kujua mizani iko wapi. Alitaka kujua trafiki wamejificha kwenye kichaka gani, na vichaka vyenyewe hakuna. Tulipovuka Mto Missouri pale Chamberlain, miti ikaisha, likabaki jani la manjano mpaka upeo wa macho. Mbele kidogo simu yangu ikarudi nyuma saa moja. Nikajiandaa kumfafanulia mambo ya majira ya saa.

"Kama ukivuka Tunduma kuingia Nakonde," akasema, na kuendelea na chapati yake.

Hifadhi yenyewe inaitwa Custer, ni ya jimbo, si ya serikali kuu, na ina ukubwa wa ekari 71,000 hivi. Mjomba akauliza Custer ni nani. Nikamwambia ni mwanajeshi aliyeongoza msafara wa jeshi humu mwaka 1874, dhahabu ikaonekana, na Walakota, wenyeji wa asili wa huko, wakanyang'anywa milima waliyokuwa wameahidiwa kwa mkataba wa 1868.

"Na hifadhi wakaipa jina lake."

"Ndiyo, mjomba."

"Mh." Hakuongeza neno hadi tulipofika tulikolala.

Siku ya pili ilikuwa ya milima. Kuna barabara wanaiita Needles, iliyokamilika mwaka 1922, inapita katikati ya minara ya mawe iliyochongoka kama sindano. Aliyekuwa anaipigia debe, Peter Norbeck, aliitafutia njia kwa mguu na kwa farasi. Mjomba, ambaye mlima Kitonga wa kule Iringa anaujua kona kwa kona, alikiri kwamba huyo bwana alikuwa na kichaa chenye manufaa. Tukafika kwenye handaki lililotobolewa ndani ya jabali, upana wake futi nane tu. Semitela haiingii hata ukiipaka mafuta. RAV4 inapita bila shida, ila kabla sijasema lolote mjomba ameshashuka, amekwenda mbele, amenigeukia na kuinua mikono miwili.

"Njoo! Njoo! Kulia kidogo… irudishe… hapo hapo! Twende!"

Akapiga bodi mara mbili kwa kiganja, kama tingo, msaidizi wa dereva wa lori. Nyuma yangu foleni ya magari saba. Wazungu wakapiga makofi. Mjomba akawapungia mkono, akarudi kwenye kiti chake na kufunga mkanda kwa heshima zote.

"Tingo wangu alikuwa anafanya vizuri zaidi," akasema. "Yule kijana wa Ilula."

Kijana wa Ilula nilimjua kwa hadithi. Sasa naye ni babu, analima nyanya.

Mlimani hatukufika wote. Kutoka Ziwa Sylvan kuna njia ya miguu kwenda Black Elk Peak, mita 2,207, kilele kirefu kuliko vyote katika jimbo. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 11. Zamani kiliitwa kwa jina la jenerali, mwaka 2016 kikabadilishwa na kupewa jina la Black Elk, mganga na mtu wa maono wa Walakota. Nusu ya njia goti la klachi, kama anavyoliita, likagoma. Akachagua jiwe penye kivuli cha msonobari, akanituma niende nikamsalimie huko juu. Nikaenda. Karibu na kilele miti imefungwa vitambaa vya rangi, vyekundu, vyeupe, vya manjano, vingine vimepauka kabisa kwa jua. Ni vya sala za Walakota, na mpita njia haruhusiwi kuvigusa. Juu kabisa kuna mnara wa mawe uliojengwa kwa ajili ya kuvizia moto wa msitu, na upepo wa kukuvua kofia. Nilipiga picha tatu na kushuka.

Mjomba nilimkuta amekaa wima kama yuko msikitini. Hatua kumi kutoka kwake, mbuzi wa mlimani, mweupe pe, manyoya yanaanguka mafungumafungu, anatafuna. Hawa si wenyeji pale. Uzao wao ni mbuzi sita walioletwa kutoka Kanada mwaka 1924 kufugwa kwenye bustani ya hifadhi, wakatoroka. Mbuzi akanitazama, akaondoka zake.

"Umemfukuza," mjomba akasema. Nikamwonyesha picha ya vitambaa. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu. "Kama kwa Kolelo," akasema, akakumbuka pango letu la mizimu kule Uluguruni, ambako nako mtu haendi kichwakichwa.

Siku ya tatu tuliamka saa kumi alfajiri, maana mjomba hajui kuamka saa nyingine akiwa safarini. Kuna barabara ya kuzunguka nyika ya kusini, kilomita 29, kwa ajili ya kutazama wanyama, na jua lilitukuta tumeshaingia. Sehemu nyingine misonobari imesimama myeusi, mabaki ya moto wa Desemba 2017 ulioteketeza zaidi ya ekari 50,000 ndani na nje ya hifadhi. Chini yake jani limeota jipya.

Tulimwona kwanza mnyama kama swala, mweupe ubavuni, pembe zimepinda ndani. Mjomba akamwita swala. Nikamwambia nilichosoma, kwamba huyu si swala hata kidogo, na kati ya wanyama walio hai ndugu zake wa karibu ni twiga na okapi. Akamtazama shingo. "Basi shingo kamwachia kaka yake," akasema. Halafu punda. Ndiyo, punda, wako wengi, wajukuu wa punda waliokuwa wakibeba watalii kwenda mlimani enzi hizo. Biashara ikafa, punda wakaachiwa, nao wakajifunza kuomba. Mmoja aliingiza kichwa dirishani kwangu na kuchomoka na chapati ya mwisho, na karatasi yake. "Punda wa Gairo angemwona huyu angelia," mjomba akasema.

Halafu tukakata kona na barabara ikaisha. Yaani lami ilikuwepo, ila ilikuwa imefunikwa na nyati.

Nawaita nyati kwa sababu mjomba aliwaita nyati. Baisani hawa ni ukoo mwingine na mbogo wetu, wana nundu kubwa, kichwa wanakiburuta karibu na ardhi, na kuanzia mabegani kwenda mbele wamevaa kama koti la baridi. Dume linafika kilo 900. Hifadhi ilianza na 36 walionunuliwa mwaka 1914, wakati bara zima lilikuwa limebakiwa na wachache baada ya kuwamaliza kwa bunduki. Sasa kiangazi wanafika kama 1,400, na kila Septemba wanaswagwa kwa farasi na magari, wanaozidi wanapigwa mnada. ("Kama Pugu," mjomba akasema, na huo ndio ulikuwa mtihani wake wa nchi hii: kuna kitu cha kwetu kinachofanana, au hakuna.)

Lakini hayo nilimwambia baadaye. Pale kwenye kona nilifanya anachofanya dereva wa mjini. Mkono ukaenda kwenye honi.

Mjomba akanikamata kifundo. "Zima gari."

"Mjomba, tukizima watatuzu—"

"Zima gari, mjomba."

Nikazima. Wakaja. Walipita pande zote mbili, polepole, hawana habari nasi. Dume moja lilisimama kwenye kioo changu cha pembeni, jicho la kahawia lenye inzi watatu, majani makavu yamenasa kwenye ndevu. Mbali kidogo jingine lilikuwa linajigaragaza vumbini, lilipoinuka likatoa sauti nzito ambayo mjomba aliapa ni ya simba. Gari la mbele yetu mtu alishuka na tableti, kaptura na kandambili, anataka picha ya karibu. Mjomba akashusha kioo chake.

"Wewe! Rudi garini!"

Kwa Kiswahili, sauti ya stendi ya Msamvu. Yule mtu akarudi garini.

Kioo kikabaki chini, na harufu ikaingia, ya mavi, vumbi na manyoya yaliyolowa umande. Mjomba akafumba macho. Mwanzo nilidhani anaumwa.

"Hii harufu naijua," akasema. "Tisini na nne. Nilikuwa na mbolea ya Mbeya. Pancha mbili, katikati ya Mikumi, saa sita usiku. Kijana akashuka kuchukua jeki, akasikia mtu anapumua. Alirudi kabini kabla mlango haujafunga. Tukazima kila kitu, tukakaa. Mpaka alfajiri. Tunawasikia tu chini ya madirisha." Akainua kidole. "Sikiliza."

Nikasikiliza. Kra. Kra. Kra. Jani likikatwa, pande zote, karibu na mbali, kama watu wengi wanachana khanga taratibu.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Saa sita nzima. Kulipokucha tukakuta alama za kwato na mavi. Sikuona hata mmoja."

Tukakaa dakika arobaini na kitu. Sikumbuki kama nimewahi kumwona mjomba amekaa kwenye gari lililozimwa bila kuuliza mafuta, hewa au muda. Karibu na mwisho alitoa simu, akabonyeza sehemu ya sauti, akaunyoosha mkono nje kidogo ya dirisha, si sana, na kurekodi zile kra, kra kwa dakika nzima bila kusema neno. Akamtumia kijana wa Ilula. Mtandao haukuwepo, kisaa kikabaki kinazunguka.

Sauti ilikwenda tulipokaribia Rapid City. Pale tulipo ilikuwa kama saa nne asubuhi, Ilula giza limeshaingia. Jibu lilikuja tunajaza mafuta pale Wall. Mjomba akaliweka kwa sauti kubwa, simu juu ya boneti, mimi nimeshika mpira wa pampu.

Kwanza kimya. Halafu mzee mmoja anakohoa, kuku wanalia nyuma yake.

"Suka! Pancha tena? Safari hii jeki utashuka mwenyewe!"

Aliirudia mara nne kabla hatujafika Chamberlain.