Nilivyoenda Mito kuangalia ume (msicheke)

Naanza na majina kabisa maana najua mtacheka. Mji unaitwa Mito, na miti ya plamu kwa Kijapani inaitwa ume. Sasa jaribu kumpigia mama umwambie niko Mito nimekuja kuangalia ume. Kimya. Halafu, "mito gani tena mwanangu, umekula kweli leo?"

Basi, mimi nasoma Tsukuba, mkoa huohuo wa Ibaraki, na mwaka wa kwanza niliikosa hii bustani ya ume ya Kairakuen, hapo Mito, kwa sababu nilijua maua ya Japani ni ya mwezi wa nne, kumbe hizo ni sakura, maua ya mcheri, ume inachanua mwezi wa pili na wa tatu, baridi bado inakata masikio.

Mwaka huu nikajipanga. Nikapanda treni Tsuchiura, laini ya Joban, nikijua kuna kastesheni karibu na bustani. Kosa langu: ilikuwa Jumatano. Kale kastesheni kanafanya kazi wikiendi na sikukuu tu msimu wa maua, na hata hapo zinasimama treni zinazoelekea Mito tu, za kurudi zinapitiliza. Nikaiona bustani dirishani hiyooo inapita. Nikashukia Mito nikarudi kwa miguu kando ya ziwa Senba, zaidi ya nusu saa, kuna bata maji weusi wenye shingo ndefu wanakuangalia kama unawadai.

Watu wengi wanaingilia geti la mashariki, maua haya hapa. Senpai wangu wa maabara, yaani aliyenitangulia masomoni, alishanambia usithubutu, zunguka mpaka Omotemon, geti jeusi upande wa pili, na aisee alikuwa sahihi. Unaanza na mianzi mirefu mpaka mwanga unapotea, baridi imezidi, unasikia majani tu juu kule, unajiuliza maua yako wapi, halafu ghafla unatokea kweupe. Tokugawa Nariaki, bwana wa Mito aliyeifungua mwaka 1842, alitaka hivyohivyo, giza kwanza ndo mwanga.

Harufu inakufikia kabla hujaona vizuri, tamu, kama asumini ya mbali. Miti kama 3,000, aina karibu 100, mingine mizee imejipinda imewekewa magongo kama babu na mkongojo. Sogea karibu utaona ua limekaa juu ya tawi lenyewe, halina kikonyo kama sakura. Na Nariaki hakupanda kwa urembo tu, matunda yake yanatiwa chumvi yanakuwa akiba ya chakula cha askari. Mjanja yule mzee.

Pale Kobuntei, jumba la mbao la ghorofa tatu (la sasa limejengwa upya, lile la kwanza liliungua kwa mabomu 1945), unavua viatu mlangoni. Mimi soksi ina tundu, kidole gumba nje, nyuma yangu bibi wa Kijapani kanyooka kama yuko msibani. Sakafu barafu. Nikapanda hivyohivyo kuona kilifti cha mkono cha kupandishia chakula, na juu kabisa unaliona ziwa lote.

Kurudi nikapanda basi mpaka Mito, miguu ilishagoma. Nilinunua kopo la umeboshi, zile plamu za chumvi, chachu balaa kama achari ya ndimu. Usiku nikazila na ugali na mchicha, zinaenda vizuri sana.