Siku yangu moja katika chumba cha PF3, Dodoma

Saa 1:30 asubuhi, Jumatatu. Mimi ni afisa tabibu katika kituo cha afya pembezoni mwa jiji la Dodoma, ingawa wagonjwa wanatuita wote dokta. Jumatatu ndiyo siku ngumu. Mtu anapigana Jumamosi kilabuni, Jumapili analala na maumivu akidhani yatapoa, Jumatatu anaamka mkono umevimba. Hapo ndipo anapitia polisi kuchukua PF3, fomu ambayo tabibu anaijaza majeraha na inatumika kama ushahidi mahakamani, kisha anakuja kwangu.

Mwenzangu wa zamu ya usiku ananikabidhi. Kijana wa bodaboda alikodiwa na abiria wawili kwenda nje ya mji. Huko wakampiga nondo kichwani na kuondoka na pikipiki. Alifika hana PF3, akahudumiwa hivyo hivyo, akakimbizwa General, hospitali ya mkoa. Fomu askari aliileta baadaye. Naisoma: jeraha lina urefu wa sentimita 4, au ni 9? Namrudisha mwenzangu kwenye kiti aandike upya na kuweka saini kabla hajaondoka. Ananuna, lakini anaandika. Unyang'anyi wa kutumia silaha kifungo chake hakipungui miaka 30, na mbele ya sheria silaha si bunduki tu, hata nondo imo. Wakili wa utetezi akiikuta hiyo 4 inayofanana na 9, atashinda nayo asubuhi nzima.

Saa 3:00. Nimeitwa mahakamani kutoa ushahidi wa mtu aliyekatwa panga. Karandinga limeshawashusha mahabusu kutoka gereza la Isanga. Mshtakiwa yupo, hakimu yupo, mimi nipo, aliyekatwa hayupo. Koridoni wananong'ona kwamba familia hizo mbili zimeyamaliza nyumbani kwa ng'ombe. Anayeshtaki ni Jamhuri, kwa hiyo ng'ombe hao hawafuti kesi. Ila Jamhuri isiyo na shahidi itasimama na nini? Kesi imeahirishwa.

Saa 5:15. Foleni. Kijana ana mchubuko wa kucha shingoni na PF3 mkononi. "Dokta, andika hata nyufa kwenye mfupa, yule jirani lazima aende ndani." Naandika mchubuko. Anayemfuata ametobolewa paja kwa kisu na anaomba nipunguze, kwa sababu aliyemchoma ni mdogo wake. Naandika kina cha jeraha kilivyo. Kwenye habari tunawasikia zaidi majambazi na wananchi wenye hasira kali. Mezani kwangu majambazi ni wachache. Wengi wanaokuja wamepigwa na mtu wanayemjua kwa jina, tena na jina la baba yake.

Saa 7:00. Ugali wa uwele na mlenda, haraka.

Saa 7:40. Anaingia mama mzee ameongozana na mkwewe, binti mdogo anayeushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia. Hawana PF3.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu kateleza kisimani."

Namtuma binti eksirei. Picha inarudi: mfupa wa upande wa kidole kidogo umevunjika katikati, ule mwingine mzima. Anayeteleza hutanguliza kiganja, na mara nyingi huvunjika karibu na kifundo cha mkono. Mvunjiko wa katikati namna hii huupata mtu aliyeinua mkono kukinga fimbo isimpige usoni. Namwomba mama aende dirishani kulipia dawa. Foleni ya pale naijua, ndiyo maana nimemtuma.

Tukabaki na muuguzi. Sikumuuliza binti nani kampiga. Nilimuuliza fimbo ilikuwa nene kiasi gani. Akaonyesha kwa vidole, kisha akalia. Polisi hataki. "Wakimfunga, watoto watakula nini, dokta?" Swali hilo PF3 haina nafasi ya kulijibu, wala mimi sina jibu. Nikamwambia kuandika alichoumia na kumshtaki mumewe ni mambo mawili: la kwanza lazima nilifanye leo, la pili nalo lina watu wake. Nikampigia askari wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Akaja amevaa kiraia, kitenge na kandambili, fomu ikiwa kwenye mkoba.

Mama mkwe aliporudi na risiti alimkuta askari huyo amekaa karibu na mkwewe. "Dokta mwanangu, haya ni mambo ya ndani." Askari akamwamkia, akampisha kiti, akamwuliza wajukuu wamelala wapi usiku ule. Mazungumzo yakachukua saa nzima, mimi nikiendelea kumfunga binti hogo, ile plasta ngumu ya kushika mfupa.

Saa 10:20. Nimepitisha muda wa zamu. Binti amekubali PF3 ijazwe, maelezo atatoa kesho. Usiku huu atalala kwa dada yake. Nimeandika mvunjiko, mahali ulipo, na kwamba unaendana na pigo la kitu butu, si kuanguka. Mama mkwe aliomba aondoke na picha ya eksirei "akaitunze". Nimeifungia kabatini na ufunguo nimemkabidhi muuguzi wa zamu. Askari ataifuata saa 2 asubuhi.