Kuishi Saffron Walden na Kufanya Kazi London: Uzoefu Wangu

Dalali wa nyumba akikuambia Saffron Walden ni saa moja tu kutoka London, jua anahesabu muda wa treni peke yake. Mimi huhesabu kuanzia mlango wa nyumba hadi meza ya kazini. Mji huu wa soko wa Essex hauna stesheni yake. Tawi la reli lililoingia mjini lilifungwa mwaka 1964, na tangu hapo treni hupandwa Audley End, stesheni iliyoko kijiji cha Wendens Ambo, kama kilomita 3 kutoka uwanja wa soko.

Hizo kilomita 3 ndizo zinazowashinda wengi. Kwa miguu ni dakika 40 hivi. Basi lipo, ila jioni huwa la kuwinda, na teksi za usiku ni chache, kwa hiyo huagiza yangu kabla sijapanda treni London. Maegesho ya stesheni ni ya kulipia. Piga hesabu ya mwaka mzima kabla hujasema utakwenda kwa gari. Nilichochagua ni baiskeli ya kukunja. Hiyo huingia kwenye treni saa zote, wakati ya kawaida hairuhusiwi kwenye treni za asubuhi ziendazo London wala za jioni zitokazo huko. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na sheria inataka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

Treni za London huishia stesheni ya Liverpool Street. Kama kazi yako iko upande wa King's Cross, Euston au Oxford Circus, usifike mwisho: shuka Tottenham Hale, uingie treni ya chini ya ardhi ya Victoria, inayopita vituo vyote vitatu. Angalia ratiba kwanza, kwani si kila treni husimama hapo. Ofisi ikiwa Cambridge, mambo ni mepesi zaidi, dakika 20 hivi kwa treni iendayo upande wa pili.

Kwenye tiketi pesa hupotea kimyakimya. Tiketi ya mwaka huuzwa kwa bei ya tiketi 40 za wiki, na ya mwezi kwa bei ya 3.84 za wiki. Hizo zinamfaa anayesafiri siku nne au tano kwa wiki. Kwa siku mbili, chukua Flexi Season: pasi 8 za siku, za kutumika ndani ya siku 28. Ikiwa ndani ya simu, iwashe pasi ya siku hiyo kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi atakuhesabu huna tiketi. Pasi usizotumia, siku 28 zikipita, zimekwenda, kwa hiyo usiinunue wiki unayoanza likizo.

Sasa nyumba, na hapa ndipo mgeni anapohitaji kuelewa ukuta. Nyumba nyingi za katikati ya mji ni fremu za mwaloni zilizojazwa fito na udongo, kisha zikapigwa lipu ya chokaa, nyingine zikiwa na nakshi juu yake. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa. Fundi asiyejua akiupiga saruji, maji huingia kwenye nyufa yakakosa pa kutokea, na boriti ya chini inaanza kuoza bila wewe kuona. Aliyeishi kwenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, anaujua ugomvi wa chokaa na saruji. Unapokwenda kuangalia nyumba, gonga ukuta wa nje karibu na ardhi: mlio mtupu na lipu iliyovimba ni dalili. Chungulia pia kama udongo wa bustani umerundikwa juu ya usawa wa boriti.

Ndani, adui ni mvuke. Nguo za mashine moja zikianikwa sebuleni hutoa karibu lita 2 za maji hewani, na sufuria ya maharage isiyofunikwa inaongeza yake. Nunua kipima unyevu cha bei nafuu, ukiweke chumba chenye baridi kuliko vyote. Kati ya asilimia 40 na 60 uko salama; kikikaa juu ya 70, kuvu jeusi litaota nyuma ya kabati. Sogeza kabati sentimita 5 kutoka ukutani, na acha joto la nyuzi 16 hadi 18 muda wote badala ya kuwasha kwa nguvu kwa muda wa saa mbili na kuzima. Kitanda nunua cha kufungua vipande, maana ngazi za nyumba hizi ni nyembamba na zina kona.

Anayenunua aulize kama jengo limo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria. Likiwamo, kubadili dirisha au kuvunja ukuta wa ndani bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, na ubaya wake ni kwamba aliyenunua baadaye anaweza kuamriwa kurekebisha kazi ya mwenye nyumba wa zamani, hata ipite miaka mingapi. Mwambie wakili aulizie vibali vya kila kilichobadilishwa. Dirisha la vioo viwili (double glazing) mara nyingi hukataliwa. Kioo cha ziada upande wa ndani hukubalika kirahisi zaidi. Hata mti wa bustani una masharti: kwenye eneo la hifadhi ya majengo ya kale, shina likizidi milimita 75 kwa unene, likipimwa mita 1.5 kutoka ardhini, halmashauri inapewa taarifa wiki 6 kabla ya kukata.

Mpangaji ana kinga zake. Amana haizidi kodi ya wiki 5 kwa pango lililo chini ya pauni 50,000 kwa mwaka, na lazima iwekwe kwenye mfuko wa kulinda amana ndani ya siku 30. Ukiishi peke yako, omba punguzo la asilimia 25 la kodi ya halmashauri; wengi hawaombi.

Soko ni Jumanne na Jumamosi, na limekuwapo hapa tangu karne ya 12. Zafarani iliyoupa mji jina haijalimwa kwa wingi kwa karne kadhaa, kwa hiyo viungo vya pilau beba kutoka London.

Vuli huja na majani ya miti yanayoanguka na kufanya reli iteleze, na wikendi kuna matengenezo yanayoleta mabasi badala ya treni. Treni ikichelewa dakika 15 dai fidia: robo ya nauli ya safari hiyo, nusu ikifika dakika 30, nauli nzima ya safari hiyo ikifika 60. Piga picha tiketi papo hapo, na peleka dai ndani ya siku 28.